Mwaka Niliokuwa Mpole

Bi Mwana alipofariki nilifika Malindi kabla ya adhuhuri, na hata viatu sijavua nikaanza kusikia habari za mwanamke nisiyemfahamu. "Alikuwa mpole, masikini." "Hajapata kumkosea mtu." "Sauti yake hukuisikia hata ukipakana naye ukuta." Nilisimama pale mlangoni nikavihesabu viatu vya waliotangulia, kisha nikavirudia, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo, na kwa sababu nilitaka nafasi ya kujiuliza kama sikuingia matanga ya watu wengine. Lakini mlango ulikuwa ule ule, na tumbuu yake ya kufungia ile ile iliyolegea, na ukuta wa jikoni ulikuwa bado mweusi kwa moshi wa mahamri ya miaka yote ile. Nyumba ilikuwa yake. Aliyekuwa akisemwa humo ndani ndiye ambaye hakuwa yeye. Bi Mwana wangu mimi aliweza kumwita muuza samaki aliyekwisha kupinda kona ya mtaa, na yule mtu akarudi, tena si kwa tamaa ya kuuza bali kwa woga.

Nilikuwa nimekuja na Bi Khadija, shangazi wa mume wangu, aliyeshikilia kutoka Kilifi kuja kuzika ingawa magoti yake yalistaafu zamani bila kumuaga. Tulipewa nafasi kwenye jamvi, chini ya kidirisha cha ukuta unaotenga jiko na chumba cha nyuma. Bi Khadija akaegemea ukuta, akafumba macho, na kila aliyeingia akapita kwa kunyatia akidhani amelala. Mimi sikuweza kutulia. Nilikunja mguu huu, nikaukunjua, nikakunja ule. Maiti hasemwi ila kwa wema, hilo najua, nami si mtu wa kubishana na dini matangani. Lakini wema ule ulikuwa kama uji usio chumvi wala sukari: ungeweza kumnywesha yeyote. Kila sifa ilipowekwa juu ya Bi Mwana nilimwona akififia kidogo, nikahisi kwamba kabla ya adhuhuri kuadhiniwa atakuwa amefutika kabisa, tubaki tukimlilia mtu ambaye hakupata kuishi. Najua jinsi kazi hiyo ya kumfuta mtu inavyofanywa. Nilipata kujifanyia mwenyewe, ningali hai, ndani ya nyumba hii hii.

Wakati huo nilikuwa msichana wa sokoni. Nilipanga chumba cha nyuma kwa Bi Mwana, mjane aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi, nami alfajiri nilimkunia nazi na kumsukumia unga, kisha jua likitoka natoka nalo. Kazi yangu haikuwa na jina. Nyumba ikiwa na harusi, nilitumiwa mtoto kuniita, nami nikafuatana na wanawake wa bibi harusi kwenda kununua masufuria, mapazia, masinia, leso. Ulimi wangu ulitangulia mbele, wao wakafuata nyuma na vikapu. Hiyo ilikuwa shughuli yenye adabu zake. Alikuwepo Mzee Karisa, mtu wa Kaloleni aliyeteremka pwani kuuza vyombo, na ndiye aliyenifundisha, bila kujua kwamba anafundisha, kuwa bei ya kwanza si bei. Bei ya kwanza ni hodi. Muuzaji anabisha mlango, na mnunuzi anayelipa papo hapo ni kama aliyetoa mkono dirishani akapokea kitu bila kusema karibu. Karisa akitaja bei yake nilishika kifua. Nikitaja yangu, yeye alishika kichwa, akawaita majirani waje washuhudie jinsi mtoto wa watu anavyotaka kumzika. Tuliulizana habari za mkewe na mbuzi wake katikati ya matusi. Mwisho tulikutana pale tulipojua tangu mwanzo kwamba tutakutana, na wote tukaenda zetu tumeshiba.

Njiani wanawake wale walinisifu mpaka nikaona haya. "Wallahi Rukia, ungezaliwa mwanamume ungekuwa dalali mkubwa!" Lakini siku moja, katika nyumba ya harusi niliyoinunulia vyombo vyote mimi, nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika sahani ya pilau, nikawasikia wale wale. Mmoja alisema, "Ana mdomo kama pilipili mbuzi." Mwingine akacheka, "Wa kununua naye, ndiyo. Wa kuoa, nani atamtia ndani?" Nilimaliza pilau kwanza, kwani pilau haina kosa. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo kila nikisifiwa nilikuwa nikisikiliza kilichobaki nyuma ya sifa.

Ndipo akatokea Hamadi. Alikuwa fundi wa cherehani kutoka Kilifi, aliyeletwa kushona nguo za harusi moja, na mimi nikatumwa kuzungumza naye juu ya ujira. Tulizungumza mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Alikuwa na ubishi wa polepole, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alipokubali hatimaye alikunja futi yake ya kupimia akasema, "Nimeshindwa. Njoo kesho unishinde tena." Nilikwenda kesho, na kesho kutwa, hata nguo zilipokwisha kushonwa. Na siku aliponiambia, macho yake yakiwa kwenye mashine, kwamba amemtajia mama yake jina langu na kwamba mama amekubali kutuma mtu kuja kuulizia, nilifurahi kwa muda wa kuvuka barabara. Nilipofika upande wa pili nilikwisha kuanza kuwahesabu majirani watakaoulizwa.

Kuulizia kwetu pwani kuna hila yake. Anayetumwa hasemi ametumwa. Huja akitafuta chumba cha kupanga, au kinu cha kuazima, au amepotea njia. Huuliza habari za maji, akauliza habari za mvua, kisha ndipo akauliza habari za binti yenu kana kwamba amemkumbuka kwa bahati. Na anayeulizwa hasemi baya, kwani kusengenya ni dhambi na jirani ni jirani. Yako maneno yaliyowekwa. Akisema "ni mtu mzuri," posa na ije. Akisema "ana mdomo kidogo," fikirini. Akisema "Mungu ndiye ajuaye," tafuteni mtaa mwingine. Na jirani aliyekunywa nawe maji ya mtungi mmoja akisema "mimi simjui," basi hiyo ni hukumu, mgeni huweka kikombe chini hata chai hajaimaliza. Mimi niliyajua maneno hayo yote na uzito wake. Nilijua pia kwamba pale Shela, mtaa wetu wa Malindi, hapakuwa na nyumba ambayo sikupata kupaza sauti mbele yake.

Nikaamua kujitengeneza. Mtu akinunua sufuria lenye tundu huliziba kwa risasi ya kuyeyusha, na mimi nilijiona nina matundu mengi. Nilianza na sauti, nikaishusha mpaka Bi Mwana akawa ananiuliza mara mbili kila jambo. Nikashusha na hatua. Nilitembea kama aliyebeba mayai kichwani. Kila mkubwa niliyempita alipata shikamoo yangu, hata wale niliokuwa nimewasalimu dakika chache nyuma wakati wa kwenda. Nikialikwa mahali, nilikula tonge chache nikasema nimeshiba, kisha nikarudi nyumbani nikala mbaazi zilizobaki nikiwa nimesimama. Vicheko niliviacha. Ubishi niliuacha. Neno langu likawa moja: "Vile mtakavyo."

"Umeiba?" akaniuliza Bi Mwana asubuhi moja, mikono yake ikiwa ndani ya unga.

"Nimeamua kuwa mpole."

"Mpole kwa nani?"

"Kwa watu."

Akakata donge, akalisukuma, akaliangalia. "Chema chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho chajitembeza."

"Bi Mwana, mimi nashinda sokoni," nikamjibu, kwa ile sauti yangu mpya. "Sijaona kitu kinachojiuza huko. Hata dhahabu ina mtu wa kuipigia kelele."

Alicheka peke yake mpaka mafuta yakapata moto. Nilitamani kucheka naye, nikajizuia, na nadhani hapo ndipo alipoanza kunitazama kwa pembe ya jicho.

Ugumu ulikuwa kwamba sikujua mwulizaji atakuja lini wala kwa sura gani. Kwa hiyo kila mwanamke mgeni mtaani alikuwa ndiye. Aliyeuliza njia nilimsindikiza mpaka mwisho wa njia. Aliyeketi kivulini kupumzika nilimletea maji na kiti na upepeo. Akaja mama mmoja mnene, mwenye lafudhi ya visiwani, akasimama mlangoni akasifu usafi wa kizingiti. Nikasema, huyu. Nikamkalisha, nikampa chai na mahamri ya moto, nikamwitikia kila kitu, mpaka akafungua mfuko wake akatoa udi na ubani. Alikuwa mchuuzi. Akataja bei, na ulimi wangu ukanyanyuka wenyewe kama paka aliyesikia samaki, nikaukalia. Nilinunua kwa bei ya hodi. Yule mama akanitazama kwa huruma kabisa, na baada ya siku chache akarudi na dada yake, ambaye alikuwa na vyungio. Dada akamleta shoga yake wa achari. Habari zilikwenda mbio kuliko posa yoyote: Shela kuna msichana habishi. Waliuza fagio, waliuza mikeka, waliuza dawa ya mbu iliyowapenda mbu. Chini ya kitanda changu hapakubaki nafasi. "Tufungue duka sasa," akasema Bi Mwana akiniinulia godoro, "maana wateja huna, lakini bidhaa unazo."

Kwa Karisa ndiko nilikoumia zaidi. Nilikwenda na wanawake wa harusi nyingine, nikiwa nimejifunga buibui vizuri na macho chini. Karisa akaniona kwa mbali akakunja mikono ya shati kama bondia. Akanitajia bei ya masufuria, bei ya kuchekesha, bei iliyokuwa ikiniomba niitukane.

"Sawa, baba," nikasema.

Akangoja. Alidhani bado sijamaliza. "Sawa gani?"

"Bei hiyo ni sawa."

Akaliweka sufuria chini polepole. "Mwanangu, una homa?"

"Sina, baba."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi kuna mtu amekuja kwako na maneno juu yangu. Nitajie." Nilipotikisa kichwa akapunguza bei mwenyewe, bila kuombwa, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi msibani. Nikamwambia la, abaki na ile ya kwanza. Hapo uso wake ukabadilika. Alichukua gunia akavifunika vyombo vyake vyote, vya mbele na vya nyuma. "Leo siuzi," akasema. "Nenda nyumbani. Ukipata nafuu, uje." Tukarudi na vikapu vitupu, na nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe hata ulimi huisha makali." Mimi nilimeza. Mwaka ule nilimeza maneno mengi, na hayakusagika. Yalinikaa tumboni kama mbaazi zisizoiva. Usingizi ulikuwa wa vipande. Niliamka nikiyajibu mambo niliyoambiwa mchana, peke yangu, kwenye mto.

Hamadi naye alipita siku moja akitokea kununua vitambaa. Bi Mwana akamkaribisha barazani, nami nikamtolea chai nikakaa mbali, mikono juu ya magoti. Akaniuliza habari. Nikasema alhamdulillahi. Akanitazama, akajaribu: "Ujira wa kushona nimeupandisha mara mbili, unajua?" Kilikuwa chambo, tena kikubwa, kikining'inia mbele ya pua yangu. "Vile utakavyo," nikasema. Akageuka akamwangalia Bi Mwana, akaniangalia mimi tena, kama mtu aliyepanda ngazi za nyumba isiyo yake. Aliondoka chai ikiwa nusu. Na mimi, kwa akili zangu zote za sokoni, niliingia chumbani nikajipongeza kwamba sasa nimekuwa mke.

Siku yenyewe ilikuja bila dalili. Mahamri yalikuwa yamebaki mawili tu, karai limeinamishwa, mimi niko chumba cha nyuma nakunja nguo. Kile kidirisha kilikuwa hakina ubao, kiliachwa wazi moshi upite, na moshi ukipita na maneno hupita. Akaingia mwanamke mwembamba na kikapu. Sikumshuku hata kidogo, kwa kuwa hakusifu kitu. Aliomba hamri moja, akaliuma, akasema limepoa. Nikajiambia, mpelelezi gani anayekuja kulalamika? Nikaendelea kukunja nguo.

"Una msichana humu, nasikia," akasema yule mgeni.

"Ninaye."

"Tabia yake vipi?"

Mikono yangu ikasimama na shuka hewani. Nilisikia tu kijiko cha Bi Mwana kikikwangua sehemu moja ya karai, kikirudia, kikirudia. Nilikuwa na hakika ya jibu. Nilikuwa nimelilipia jibu lile kwa fagio na vyungio na njaa ya miezi. Nililingoja kama mtu anavyongoja chenji yake.

"Simjui," akasema Bi Mwana.

Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka kwamba nilikuwa chumbani, kisha nilikuwa jikoni, kichwa wazi, shuka limenifuata likiburura sakafuni, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ya zamani, haikupungua hata chembe, kama kitu kilichowekwa ndani ya mtungi kikafunikwa.

"Simjui? Simjui ndiyo bei gani hiyo?"

Bi Mwana hakugeuka. "Ndiyo niliyo nayo."

"Nakukunia nazi kila alfajiri mpaka vidole vimeota sugu! Nimekuuguza na mafua yako, na wewe mwenyewe unajua ukiumwa mafua hukaliki! Leo unanitupa kwa simjui? Hata papa mkavu aliyeingia wadudu hutajiwa bei, Bi Mwana!"

"Mkali," Bi Mwana akamwambia mgeni, kwa utulivu. "Haya, hilo moja. Ni mkali."

"Ongeza!"

"Mkali, lakini mkono wake haugusi cha mtu."

"Ongeza!"

"Huamka kabla ya muadhini."

"Na hiyo ndiyo unaitaja mwisho! Ongeza!"

"Ana kiburi."

"Hapo umepunguza!"

"Lazima nipunguze. Mgeni naye ana haki yake kwenye mizani."

Yule mgeni alikuwa ameweka kikapu chini. "Na kupika?" akauliza, safari hii akiniuliza mimi na Bi Mwana pamoja.

"Wali wake hushika chini," akasema Bi Mwana.

"Muongo! Mara moja tu, tena ulinituma kwa jirani nikiwa nimeuteleka!"

"Ulikwenda kwa jirani ukabishana naye mpaka wali ukaungua."

"Alikuwa amekosea!"

"Alikuwa amekosea," Bi Mwana akakubali, "hilo nalo nalishuhudia."

"Na akikasirika?" akauliza mgeni.

Hapo Bi Mwana aligeuka. Alifuta mikono kwenye leso yake, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nitoke. "Akikasirika mtaa mzima hupata habari. Kisha hukuletea chai, na ndani ya chai ametia tangawizi, kwa sababu anakumbuka kifua chako. Huyo ndiye ninayemjua. Lakini kwa miezi sasa humu ndani nakaa na mtu mwingine, hana neno, hacheki, hatukani, sijui anataka nini wala anaficha nini. Ukaniuliza tabia yake. Nitamshuhudiaje mtu nisiyemjua? Nina kaburi la kulala mimi." Akanivuta shuka, akalitoa sakafuni. "Karibu, Rukia. Ulikuwa umekwenda wapi?"

Yule mwanamke akainuka, akalichukua hamri lake lililopoa, akalitia kikapuni. Mlangoni ndipo aliposema, kana kwamba amekumbuka kwa bahati, "Hamadi ni mtoto wa kaka yangu." Akaondoka. Nilikwenda nikaosha mikono ingawa ilikuwa safi, kisha nikaiosha tena. Bi Mwana alichukua hamri la mwisho, akalitafuna kwa makini. "Kweli limepoa," akasema.

Zilifuata siku mbaya. Nilikuwa nimetoka kichwa wazi, nimemwita mtu mzima muongo mbele ya mgeni, nimejinadi kama mtumba. Kuwa mpole sikuweza tena, mfuniko ulikwisha kuvunjika. Kuwa nilivyokuwa niliona haya. Nilizunguka ua. Nilikwenda kwa Karisa, nikasimama mbele ya masufuria yake, na alipotaja bei nikamuuliza kama leo ameamka na nia ya kuua mtu. Akarusha mikono juu akawaita majirani. "Amepona! Njooni muone, amepona!" Nilimtukana huku machozi yananitoka, naye akanirudishia huku akinitafutia kigoda. Mchuuzi wa udi aliporudi nilimrudishia udi wake wote, tukabishana mpaka akaketi akavua viatu, na tukawa mashoga kuanzia siku hiyo.

Posa ilikuja wakati nilipokwisha kuacha kuingoja. Na mwulizaji yule, ambaye ndiye huyu Bi Khadija aliyeegemea ukuta ubavuni mwangu, alinieleza miaka mingi baadaye tukichambua mchele. Alikuwa amepita nyumba nyingine za mtaa kabla ya kufika kwa Bi Mwana. "Kote nikaambiwa mtu mzuri, mpole, hana neno. Maneno hayo husemwa juu ya kila mtu, hata wale wanaowapiga wake zao. Nikasema, masikini, msichana huyu hana anayemjua. Nikaingia kwa muuza mahamri kula tu, njaa ilikuwa inaniuma." Mama yake Hamadi yeye alitaka mpole, akanichukua na kinyongo chake, na kinyongo hicho alikitunza vizuri kama vyombo vya kabatini, mpaka anafariki hakupata kukivunja chote. Sikupata bure. Na mimi sisemi nilipona kabisa. Mpaka leo nikiingia chumba cha watu nisiowajua, namhisi yule msichana mwenye mikono juu ya magoti akinitangulia kwenda kukaa. Namwachia asalimie. Zaidi ya salamu simwachii.

Kama Bi Mwana alijua kwamba nilikuwa nyuma ya kidirisha, sijui. Nimelipindua swali hilo pande zote kama ninavyopindua sufuria kutafuta ufa. Pengine alinitegea. Pengine alisema kweli yake tu, ningalikuwepo au nisingalikuwepo, na ningeikosa ndoa hii kwa unyofu wa mwanamke mmoja. Niliwahi kumuuliza, miaka ile nilipokuwa nikija na watoto, akiwa anakula mchuzi nilioupika. Alionja, akatafuna, akasema, "Chumvi imezidi."

Pale matangani, Asha, mjukuu wa Bi Mwana, alikuja na birika la kahawa. Alinimiminia, akachuchumaa mbele yangu. "Bi Rukia," akasema, "wewe ulikaa naye humu. Sisi tumemkuta ameshazeeka, yuko kitandani. Alikuwaje?"

Chumba kikageuka kunisikiliza. Niliziona nyuso zimejiandaa kupokea kijiko changu cha sukari. Nilikuwa nacho tayari mdomoni: mtu mzuri. Yule mwenye mikono juu ya magoti alikuwa amekwisha kufungua kinywa.

"Huyo mnayemsema tangu asubuhi," nikasema, "mimi simjui."

Kikombe kiligongana na kisahani chake mahali fulani. Mama mmoja akasema astaghafirullahi. Asha akanitazama kama nimempiga kofi, na kwa muda niliona kwamba nimeharibu, tena mbele ya msiba, na kwamba hakuna kidirisha cha kunitoa.

"Ongeza," ikasema sauti ubavuni mwangu.

Bi Khadija alikuwa bado amefumba macho. Wote walimdhani amelala.

"Alikuwa mchoyo wa sukari," nikasema.

"Ongeza."

"Alimnunia jirani mwezi wa Ramadhani mzima kwa ajili ya kifuniko cha sufuria. Na kifuniko chenyewe kilikuwa cha jirani."

Kwenye kona mtu akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. "Mimi alinifukuza na mwiko," akasema mwingine, "nimekwenda kumwambia mahamri yake siku hizi madogo." "Ukamwambia hivyo? Na ukatoka mzima?" Wakaanza kuingiliana maneno, kila mtu na tusi lake alilotukanwa, wakiyatoa kama wanaotoa vyombo vya dhahabu. Asha alikuwa ameketi kitako kabisa, birika mikononi, anacheka na kulia. Nje barazani mwanamume mmoja akakohoa kutukumbusha tulipo.

"Ongeza," akasema Bi Khadija.

"Hakuweza kusema uongo kwa ajili yako, hata ukimlilia."

"Ongeza."

"Ukitoka kwenye njia yako, alikuita kwa sauti ya kumrudisha muuza samaki."

"Bei ya mwisho?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nayo, naapa, ilikuwa pale kooni. Mimi niliyekuwa nikitanguliza ulimi mbele na watu wakafuata nyuma na vikapu, nilikaa nimeachama kama samaki mezani, na neno likakataa kutoka. Nikatazama juu, kwenye kile kidirisha kisicho na ubao, na masizi yaliyokizunguka.

Bi Khadija akafumbua jicho moja, akanipima.

"Basi," akasema. "Hiyo nimeikubali."